Somo: Kujenga tanuru la kuyeyusha chuma kwa mtindo wa wazee wa Buhaya, hatua kwa hatua

Wakuu habari zenu. Kuna watu wameniuliza sana hili jambo kwahiyo leo naliweka lote hapa, sisi wanne tumeshachoma tanuru mara tano huku Kagera, mbili za mwanzo hatukupata kitu na tatu zilizofuata tumetoa chuma. Nitaandika na tulipokosea ili wewe usirudie.

Kwanza uelewe kinachotokea mle ndani, usipoelewa utamaliza mkaa bure. Chuma chenyewe kinayeyuka nyuzi 1538 na sisi hatutaki kiyeyuke. Mkaa ukiungua kwa hewa ndogo unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, hiyo gesi ndiyo inanyang'anya oksijeni iliyoko kwenye jiwe, chuma kinabaki, na ule uchafu wa jiwe unayeyuka kwenye nyuzi 1200 hivi unashuka chini taratibu kama asali. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Chuma kinabaki bonge lenye matundu kama sponji, halimiminiki hata siku moja.

Sasa kwanini Buhaya. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science jinsi wazee wa Kihaya, ambao walikuwa wameacha kazi hiyo miaka mingi baada ya majembe ya dukani kuingia, walivyojenga tena tanuru kwa kukumbuka tu. Haikuwa rahisi na walishindwa kwanza. Lakini kilichonivuta mimi ni shimo. Wazee walichimba shimo chini ya tanuru wakalijaza majani ya bwawani yaliyochomwa yakawa meusi, mavi ya chuma yanashukia humo yanapita katikati ya yale majani yenye kaboni. Halafu kule Kemondo, hukohuko Kagera, watafiti wakafukua matanuru ya zamani ya kama miaka 1500 hadi 2000 iliyopita wakakuta mavi ya chuma yana alama za majani zimegandia. Yaani mtu aliyeishi enzi hizo alifanya kitu kilekile. Mimi nilipovunja bonge letu la kwanza la mavi ya chuma nikaona mistari ya matete imechapwa humo, membamba, na vifundo vyake vinaonekana kabisa, nilikaa chini nikaliangalia muda mrefu.

Haya twende kazi.

1. Udongo. Chukua udongo wa kichuguu, ndio wanaoutumia wazee na kuna sababu, unavumilia moto. Changanya na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, ukande kwa miguu mpaka ukikunja kipande kisipasuke.

2. Shimo. Upana sm 30, kina sm 40, pakaa ule udongo pembeni. Mahali pawe pakavu, maji chini ya tanuru yakishika moto yanageuka mvuke na yanaweza kurusha vitu.

3. Kuta. Panda juu mita 1, unene sm 15, upana wa ndani uleule sm 30. Usijenge yote siku moja, jenga sm 30 uache ishike. Mbele acha mlango mdogo utakaouziba kwa udongo laini, ndio utakaouvunja baadaye. Kukausha ni wiki mbili kivulini halafu moto mdogo wa kuni siku nzima. Tanuru letu la kwanza tuliliwasha siku ya nne kwa haraka zetu, likapasuka kutoka juu mpaka chini na hewa yote ikatokea hapo.

4. Bomba la udongo la kuingizia hewa. Finyanga bomba lenye tundu la sm 2.5 kwa kuzungushia udongo kwenye fimbo, likauke polepole, tengeneza matatu maana yanavunjika. Liingize sm 20 juu ya mdomo wa shimo, liinamie chini kidogo, lichomoze ndani sm 5. Wahaya walitumia mabomba nane na mivukuto (vifaa vya kupulizia hewa) nane kuzunguka tanuru kubwa, mabomba yao yaliingia ndani sana, hili letu ni dogo moja linatosha.

5. Mawe ya chuma. Yale mekundu mazito. Yachome kwenye moto wa kuni saa moja au mbili, yakipoa yatakuwa meusi-meusi na sumaku itayashika. Yasiposhikwa hata kidogo tafuta mengine. Yaponde yawe kama punje za mahindi, vumbi peta utupe, linaziba njia ya hewa.

6. Mkaa wa mti mgumu, vipande vya sm 3 hadi 4. Andaa kilo 40 kwa mawe kilo 12. Ndio, ni mwingi.

7. Siku yenyewe. Jaza shimo matete yaliyochomwa, shindilia, washa kuni juu yake, zikishika jaza mkaa mpaka juu, anza kupuliza. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi au blowa ya mhunzi ya kuzungusha kwa mkono, vyote sawa, kitu cha msingi hewa isisimame. Saa moja ya mkaa mtupu. Halafu kila mkaa ukishuka kiasi cha kilo 1.5 unaongeza mkaa kilo hiyohiyo na mawe nusu kilo, baadaye kilo moja, baadaye kilo moja na nusu. Mkaa unatakiwa kushuka hivyo kila dakika 8 hadi 10. Ukichukua dakika 20 hewa yako ni ndogo, na hilo ndilo lililoua jaribio letu la pili, tulipata mavi matupu.

8. Mawe yakiisha ongeza mkaa mtupu mara mbili tatu, acha ushuke. Vunja mlango, toa bonge kwa koleo ndefu, weka juu ya gogo ulipige kwa nyundo ya mti polepole. Usianze na nyundo ya chuma, litasambaratika. Sisi safari ya mwisho tulitoa kilo 2.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nimesoma kwamba Wahaya walifika nyuzi zaidi ya 1800, wewe unasema 1200, imekaaje?
Jibu: Hizo 1800 zilitajwa kwa sehemu ya mbele ya mabomba tu, pale hewa inapogonga mkaa, sio tanuru zima. Schmidt na Avery walisema hewa ilipata joto kwanza ikipita kwenye lile bomba refu la ndani, wataalamu wengine wakabisha kwamba hewa inapita haraka mno. Mimi navutiwa na hoja ya bomba refu ila letu ni fupi mno kulipima.

Swali: Huku kwetu Sumbawanga kuna matanuru marefu kuliko mtu, na wazee wanasema hayakuwa na mivukuto. Inawezekana?
Jibu: Inawezekana ndugu, hayo ni malungu ya Wafipa. Yanavuta hewa yenyewe kama bomba la moshi, mpaka mita 3 kwenda juu, matundu chini pande zote. Kazi inachukua siku kadhaa, halafu chuma kinasafishwa tena kwenye katanuru kadogo. Tafadhali msiyabomoe.

Swali: Naweza kuokota mavi ya chuma ya zamani nikaanza nayo?
Jibu: Hapana. Hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na ukiyaondoa mtafiti anayekuja hataelewa tena tanuru lilikaa wapi. Piga picha uache.

Swali: Kaka miiko ya wazee mliifuata? Bibi yangu alisema wayeyushaji hawakulala na wake zao.
Jibu: Ni kweli, tanuru lilionekana kama mwanamke mjamzito na chuma ndio mtoto, kwahiyo mume asitoke nje. Sisi tulilala pale pale porini watu wote wanne, simu tukazima. Mzee mmoja alikuja jioni akakaa karibu na mivukuto, akasikiliza tu, akatuambia tuongeze mwendo upande wa kushoto. Tukaongeza. Moto ukabadilika rangi hapohapo.

Swali: Hatari kubwa ni ipi?
Jibu: Ile gesi ya kaboni monoksaidi inayotokea juu, haina harufu na inaua. Fanya nje palipo wazi, gesi inayotoka mdomoni iwashe iwe mwali usiozimika, na usiinamie tanuru ukiweka mawe, tumia koleo lenye mpini mrefu. Miwani ya kuchomelea pia usiisahau ukichungulia tundu.