Somo: Kuanzisha kituo cha kulelea watoto mchana kwa ada anayoimudu mama wa bustani

Somo hili ni la wale wa pembezoni: Pembamnazi, Kimbiji, Msongola, Chanika, Mabwepande. Kwenye ramani tuko Dar es Salaam, ila tunalima mihogo na kukata mchicha alfajiri. Vituo vyenye kuta za katuni na gari la kubeba watoto viko mbali, na ada yao ni ya muhula. Mama anayeishi kwa pesa ya siku ataitoa wapi ya muhula? Mtoto anaachwa na dada yake wa miaka tisa, ambaye naye alitakiwa awe darasani.

Hatua ya 1: Uliza saa kwanza, ada baadaye

Pita nyumba kwa nyumba pamoja na mjumbe. Uliza: unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, miezi gani huna kazi? Kituo kinachofunguliwa saa mbili asubuhi hakimsaidii anayewahi samaki soko la Feri saa kumi na moja alfajiri. Mkikuta wengi wanaondoka gizani, mlezi mmoja aishi jirani na kituo, apokee watoto mapema.

Hatua ya 2: Walezi

Hapa msifanye haraka. Kila mtaa una bibi anayesifiwa kwamba anapenda watoto, na kupenda ni mwanzo tu. Mnamtaka mtu anayejua kuchanganya ORS, ile dawa ya unga ya mtoto anayeharisha, anayeijua homa ya kumkimbiza mtoto zahanati, na asiyeshika fimbo. Wachagueni wawili na wa tatu wa akiba, wazazi wote wakiwapo. Mwombeni afisa ustawi wa jamii awaunganishe na mafunzo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahusu afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, pamoja na ulinzi na usalama, kwa hiyo mna haki ya kumgongea mlango.

Hatua ya 3: Mahali

Chumba cha msikiti, cha kanisa, au nyumba ya mwanachama wa kikundi chenu kinatosha kuanzia. Uzio, choo cha watoto, maji ya kunawa, kisima kifunikwe. Jengo lisiwacheleweshe.

Hatua ya 4: Usajili

Vituo hivi viko chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Anzeni ofisi ya mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yenu. Nendeni kabla ya kupokea watoto, maana akikagua mapema atawaambia cha kurekebisha, na kurekebisha kabla ya kufungua ni nafuu.

Hatua ya 5: Ada

Vituo vingi vya mtaani hufia hapa. Tuchukue mfano wa watoto 20, shilingi 1,000 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: 440,000. Posho ya walezi wawili, 130,000 kila mmoja, ni 260,000. Uji wenye karanga na mkaa wake, 120,000. Maji na sabuni 35,000, akiba 25,000. Zimekwisha zote.

Sasa masika yameingia, mashamba yamejaa maji, watoto watano hawaji. Mmekosa 110,000 na mlezi bado anasubiri posho yake. Mwezi wa pili hivyo ataondoka, na nani atamlaumu? Ndiyo maana nasema mzazi alipie nafasi ya mtoto, awepo asiwepo. Alipe kwa wiki, siku ile anayopata pesa. Miezi ya ukame wa mfuko alipe kwa mahindi, kuni, au zamu ya kupika uji, na thamani yake iandikwe daftarini. Zamu isiyoandikwa huleta maneno, nawaambia.

Kupunguza posho ya mlezi ili ada ishuke sikubaliani nako kabisa. Kata kwingine.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Chanika: Shikamoo mwalimu. Wangu ana miezi saba, mtampokea?

*Jibu:* Marahaba mwanangu. Kituo cha namna hii ni cha miaka 2 hadi 4. Mtoto mchanga anahitaji mlezi wake na maziwa yako. Mwenye ajira rasmi sheria inampa likizo ya uzazi ya siku 84, wewe wa bustani hakuna anayekupa. Tafuteni akina mama watatu wenye vichanga mpeane zamu, mlezi awe mmoja wenu, na bustani iwe karibu ili urudi kunyonyesha.

Kaka wa Msongola: Wazazi wanataka watoto wafundishwe kuandika, la sivyo hawalipi.

*Jibu:* Waambie kuandika kutakuja kwenye darasa la awali shule ya msingi, na shule ya serikali haitozi ada. Hapa ni nyimbo, hadithi, kuchezea mchanga, kupanga vizibo kwa rangi. Waalike waje wakae asubuhi moja waone. Baba mbishi mpe zamu ya uji.

Dada wa Kimbiji: Kikundi chetu kiombe ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10?

*Jibu:* Haina riba. Hiyo asilimia 10 ni sehemu ya mapato ya ndani ya halmashauri, na asilimia 4 kati yake ni ya wanawake. Lakini ni deni, na mmeona hesabu ya kituo haibakizi kitu. Ombeni kwa ajili ya mradi unaoingiza pesa, kama kuku au mashine ya kusaga, faida yake ndiyo ichangie kituo.

Dada wa Kimbiji: Na mashine ikiharibika?

*Jibu:* Rejesho la mkopo litatoka mifukoni mwenu, kituo msikiguse. Liandikeni hilo kwenye katiba ya kikundi kabla ya kusaini.