Kubadili taimingi belti na plagi za Corolla 110 mwenyewe nyumbani

Niko Nyakato hapa Mwanza, gari langu ni Corolla 110 ya klachi, injini 5A-FE ile ya cc 1498. Kazi hii nimeifanya mwenyewe na sababu ya kuifanya mwenyewe ni kwamba iliwahi kunitesa. Kuna fundi alinifungia taimingi belti, ule mkanda wa mpira wenye meno unaounganisha shafti ya chini ya injini (krenki) na ile ya juu inayofungua valvu (kemshafti), kazi ikaisha fasta nikafurahi nikalipa nikaondoka, kuanzia siku hiyo gari likawa zito, kupanda mlima wa Bugando mpaka gia namba moja, likisimama injini inatetemeka, mafuta yanaisha kabla sijafika popote. Nikabadili plagi, nikabadili filta, nikasafisha nozeli, wapi. Siku nilipofungua kava ya juu kwa mikono yangu nikakuta alama ya kemshafti imepishana jino moja. Jino moja tu! Kwahiyo ukisoma hapa chini utaona narudi kwenye zile alama mara nyingi, ndo kiini cha kazi yote, kufungua na kufunga bolti kila mtu anaweza.

Kwanza hakikisha gari lako lina belti kweli. IST, Vitz ya injini 1NZ na wenzake wengi wa miaka ya 2000 wana cheni, hizo haya mambo hayawahusu, kwao itabaki sehemu ya plagi tu. Corolla 110, Carina Ti, Spacio ya kwanza ya 4A, Noah ya zamani ya 3S, hizo zote ni belti. Hilux na Land Cruiser za dizeli zenye taa ya T-BELT kwenye dashibodi nazo ni belti, ila ile injini ya dizeli usiijaribu kama ndo unaanza kujifunza, belti ikikosewa pistoni zinapiga valvu na hapo injini imekufa. Uzuri wa 5A-FE ni kwamba pistoni na valvu hazigusani hata belti ikikatika, gari linazima tu njiani. Ndo maana naona ni injini nzuri ya kujifunzia.

Muda wa kubadili ni kila kilomita 100,000, ila gari zetu hizi zimetoka Japani na umri, kilomita za dashibodi sio za kuziamini sana, na mpira unazeeka hata gari likikaa. Angalia ndani ya boneti, Wajapani wengi hubandika stika ukibadilishiwa belti, inakuwa na kilomita na tarehe. Tarehe ikiwa na mwaka kama 22 usishangae, ni kalenda yao ya Heisei, jumlisha 1988 unapata 2010. Kama hakuna stika na aliyekuuzia hajui chochote, badilisha tu usisubiri ikukatikie usiku kati ya Usagara na Misungwi.

Vitu vya kununua: belti yenyewe, tensheni yake (kile kigurudumu kinachoikaza) na springi, oil sili (raba ya duara inayozuia oili isivuje) ya kemshafti na ya krenki ya mbele, gasketi ya kava ya valvu pamoja na zile raba za mashimo ya plagi, plagi nne. Usinunue belti peke yake, sili moja ikivuja miezi miwili baadae oili inaila belti mpya na unafungua kila kitu upya. Plagi chukua NGK au Denso kwenye duka unaloliamini, feki zipo nyingi, namba ya plagi ilingane na ya kitabu cha gari. Wota pampu ya injini hii inazungushwa na feni belti, sio taimingi belti, lakini imekaa jirani kabisa na hapo, kwahiyo ukiona alama za maji yaliyokauka chini ya pampu ibadilishe hapo hapo.

Spana: soketi 10, 12, 14, 17 na 19, soketi ya plagi ya 16 yenye raba ndani, mkono mrefu wa kufungulia bolti ngumu, jeki mbili, stendi, rangi ya kucha nyeupe au tipeksi. Spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm) kama huna azima, kuna sehemu mbili tatu hapa ambazo mkono haukadirii vizuri.

Sasa sehemu ya kufanyia. Mji wetu ni vilima na mawe, wengi tumejenga pa mteremko, usinyanyue gari kwenye mteremko hata kama ni kidogo. Omba uwanja wa jirani penye tambarare. Mawe tunayo kila kona na yanafaa kuwekea nyuma ya matairi gari lisitembee, lakini usiweke jiwe chini ya gari badala ya stendi, jiwe linapasuka au linateleza na wewe uko chini. Hili naliomba sana ndugu zangu. Injini iwe imepoa kabisa, anza asubuhi gari likiwa limelala, na toa waya hasi wa betri.

Tunaanza na plagi kwa sababu zikitoka injini inazunguka laini kwa mkono. Kabla hujatoa waya za plagi ziandike namba, silinda namba 1 ni ile ya upande wa belti, na mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Shika ile raba ya kichwani uvute, usivute waya wenyewe. Alafu puliza yale mashimo, vumbi la huku na mchanga ukiangukia ndani ya silinda unakwangua, mimi natumia pampu ya baiskeli yenye mpira na inatosha kabisa. Ukikuta oili kwenye shimo ni zile raba za kava zimechoka, ukikuta maji ni yale ya kuoshea injini kwa presha, na mara nyingi gari linalomisi siku ya pili baada ya kuoshwa shida iko hapo hapo.

Plagi zikitoka zipange kwa namba na uzisome. Kahawia ya mbali ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi ni mafuta mengi au filta ya hewa imeziba, na kwa barabara zetu za vumbi hii ndo naikuta zaidi. Nyeusi yenye oili, oili inapanda kwenye silinda. Nyeupe kabisa, injini inachemka au mafuta hayatoshi. Ikitofautiana moja na tatu zinafanana, tatizo liko kwenye silinda hiyo. Ziba mashimo kwa vitambaa safi, bolti ikidondokea humo utalia.

Nyanyua upande wa kulia mbele, weka stendi, toa tairi na kile kiplastiki cha ndani. Bolti ya puli ya krenki ifungue mapema kabla hujapanga alama yoyote, maana inaweza kusogeza krenki. Rudisha nati mbili kwenye diski ishike, ingiza gia namba tano, mtu akanyage breki kwa nguvu zote na wewe uvute na mkono mrefu, inafunguka kwenda kushoto kama bolti ya kawaida. Kuna wanaotegesha spana chini wanapiga selfu ili injini ijifungue yenyewe, sishauri, spana ikiruka inavunja mkono. Kwa gari la otomatiki tafuta kifaa cha kushikia puli. Bolti ilegee tu, usiitoe bado.

Toa feni belti na belti za AC na pawa steringi, puli ya wota pampu, kava ya valvu. Weka jeki ya pili chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) na ubao katikati, ibebe injini kidogo sana, ndo ufungue maunti ya kulia, kile kishikizo cha injini. Kadiri unavyotoa bolti ziweke kwenye makopo tofauti au zichome kwenye boksi kwa mpangilio, zile za kava za belti urefu haufanani.

Haya, alama. Rudisha gia katikati, zungusha krenki kwa spana kwenda kulia, kwa mwendo wa saa, mpaka mkato wa puli uangalie alama ya 0 kwenye kava ya chini. Sasa angalia puli ya kemshafti, ina kitundu kidogo, ukichungulia kwenye hicho kitundu unatakiwa uone alama ya kwenye kepu ya bearingi (kile kifuniko kinachoshika kemshafti) nyuma yake. Kama huioni na kitundu kiko upande mwingine, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, itakuja. Wengi hapa wanakosea kwa kuangalia krenki tu, krenki inafika 0 mara mbili kila kemshafti inapozunguka mara moja, kwahiyo 0 ya krenki peke yake haikuambii kitu. Piga picha na simu ukiwa umeinama usawa wa alama, sio kutokea juu, macho yakiwa pembeni unaona imelingana kumbe bado. Alafu toa puli ya krenki na kava za belti, utaona gia ndogo ya krenki nayo ina alama yake inayolingana na alama ya kwenye oili pampu. Weka doa jeupe juu ya belti ya zamani pale inapopita kwenye alama zote mbili, na doa kwenye gia zenyewe.

Legeza bolti ya tensheni, isukume upande wa kushoto mpaka mwisho, ikaze kidogo ibaki hapo, vuta belti itoke. Kuanzia hapa usizungushe kemshafti wala krenki. Kemshafti inaweza kujisogeza yenyewe kidogo kwa nguvu ya springi za valvu, isikutishe, utairudisha kwa spana.

Laza belti ya zamani pembeni ya mpya uhesabu meno, yalingane, kisha hamisha yale madoa kwenye mpya kwa kuhesabu meno kati ya doa na doa. Badili sili mbili, zipakae oili kidogo kwenye mdomo na ziingie sawa bila kulala, bolti ya puli ya kemshafti ukirudisha ni Nm 59. Tensheni ya zamani hata kama inazunguka sikilizia, ikiunguruma kavu ni ya kutupa. Futa oili yote sehemu belti inapopita, na mikono yako pia. Belti mpya usiikunje wala kuipindua ndani nje.

Visha belti kuanzia krenki, ule upande usio na tensheni uwe umekazana kabisa, kisha kemshafti, ulegevu wote ubaki upande wa tensheni. Madoa yote yawe kwenye alama zake. Legeza bolti ya tensheni, springi itaivuta belti yenyewe, usiisaidie kwa bisibisi, belti iliyokazwa sana inalia kama filimbi na kuua bearingi.

Rudisha puli ya krenki kwa muda, zungusha kwa mkono kwenda kulia mizunguko miwili kamili, polepole, krenki irudi kwenye 0 yake. Usirudishe nyuma hata kidogo, ukipitiliza zunguka tena miwili. Madoa ya kwenye belti hayatakuwa tena kwenye alama, hilo ni kawaida maana belti imetembea, wewe angalia alama za gia na kile kitundu. Zimelingana? Kaza tensheni Nm 37. Hazijalingana hata nusu jino? Toa belti urudie, usijiambie itajirekebisha. Mimi mara ya kwanza nilirudia mara tatu mpaka jua likazama na sijutii, yule fundi wangu angezungusha mara mbili tu kwa mkono angeliona lile jino. Na ukihisi krenki imegota sehemu usilazimishe, simama utafute sababu.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa ila angalia mambo matatu. Ile sahani ya mbele ya gia ya krenki inakaa upande wake wenye kikombe ukiangalia nje. Bolti ya puli ya krenki ni Nm 118, gia tano na breki tena. Na kava ya valvu, paka silikoni kidogo kwenye zile kona za kepu za bearingi kabla ya gasketi, kaza taratibu kwa kupokezana, ukiikaza sana inapinda ndo inavuja.

Plagi mpya pima nafasi yake, nyingi za injini hizi ni 0.8 au 1.1 mm kutegemea aina, fuata kitabu. Chomeka plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli uizungushe kwa vidole, ikikataa mpira unateleza wenyewe na nyuzi za silinda hedi zinapona, hedi ni alumini haisamehe. Ikishagota kwa mkono torki ni Nm 18, huna spana ya torki basi nusu mzunguko kwa plagi mpya inatosha. Waya zirudi kwa namba, distribyuta usiiguse.

Rudisha betri, piga selfu. Inatakiwa ishike ndani ya sekunde chache na itulie. Ikitetemeka zima, anza na waya za plagi kama zimepishana, zikiwa sawa rudi kwenye alama. Ikitulia iache ipate moto ukiwa umefungua boneti unasikiliza upande wa belti na kuangalia maji na oili chini. Mimi nikalipeleka moja kwa moja mlima wa Bugando na watu wawili ndani, likapanda na namba mbili bila kukohoa. Asubuhi yake nikaangalia chini ya gari pakavu, nikaandika kilomita na tarehe kwenye kipande cha karatasi nikakibandika ndani ya boneti pembeni ya ile stika ya Kijapani.