Mambo ya kuzingatia kabla ya kutuma kazi kwenye mtambo wa kujenga programu

Timu nyingi ndogo, zikiwemo za hapa Malindi zinazotengeneza programu za kukodi boti au kuweka nafasi hotelini, hutegemea GitHub Actions, huduma ya mtandaoni: unasukuma msimbo (maandishi ya programu), kompyuta iliyo mbali inaujenga na kuujaribu. Mtambo huo unatumiwa na dunia nzima, kwa hiyo una foleni na una vikomo. Vijue mapema, usingoje siku ambayo mteja anataka toleo jipya kabla ya Adhuhuri.

Kubwa kuliko yote ni muda wa kazi moja. Usipoandika chochote kwenye faili la mpangilio, kazi inaruhusiwa kuendelea hadi dakika 360. Kwa programu inayojengwa kwa dakika 12, huo ni mlango ulioachwa wazi. Chukua jaribio linaloita seva ya malipo ya majaribio. Seva haijibu, jaribio halikuwekewa ukomo, na ukifungua kumbukumbu za kazi hiyo unakuta mstari wa mwisho unasema tu kwamba linasubiri. Hakuna rangi nyekundu, hakuna barua pepe, na dakika zinaendelea kuhesabiwa. Mpango wa bure una dakika 2,000 kwa mwezi kwa hazina za faragha, yaani sehemu za kuhifadhi msimbo zisizoonekana na watu wengine. Kazi tano zikikwama hivyo, 1,800 zimekwenda. Basi tazama bildi zenu za karibuni, yaani kazi za kujenga programu, chukua iliyochelewa kuliko zote, na uandike timeout-minutes, kikomo cha dakika za kazi, kama mara mbili ya muda wake.

Usibane kupita kiasi, lakini. Kashe, yaani nakala ya vitu vilivyokwisha kupakuliwa ili visipakuliwe tena, isiyoguswa kwa zaidi ya siku 7 hufutwa. Ofisi ikifungwa wiki nzima na ushei, watu wamekwenda Maulidi Lamu, bildi ya kwanza mkirudi itapakua maktaba zote (vipande vya msimbo wa wengine mnavyotumia) upya na itachukua muda mrefu. Kikomo kiwe na nafasi ya siku kama hiyo.

Kuhusu foleni, mpango wa bure huendesha kazi 20 kwa wakati mmoja, na za macOS, mfumo wa kompyuta za Apple unaojenga programu za iPhone, zisizidi 5. Ishirini huonekana nyingi mpaka mjaribu matoleo manne ya Android kwa lugha tatu: kila msukumo ni kazi 12, na wenzako wawili wakisukuma pamoja, nne zinabaki nje. Kwa matawi ya majaribio, yaani nakala za msimbo za kujaribia, weka mpangilio wa concurrency unaofuta bildi ya zamani mara msukumo mpya unapofika; hakuna anayehitaji majibu ya msimbo uliokwisha kubadilishwa. Kazi inayobadilisha hifadhidata ya wateja usiikate katikati kamwe. Iache imalize. Marekebisho yanayogusa maandishi ya maelezo tu, si msimbo, nayo yasiamshe mtambo kabisa.

Toleo la iPhone lijengeni mnapotaka kulitoa tu. Dakika ya macOS ni ghali kuliko ya Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, na kwa muda mrefu moja imehesabiwa kama kumi.

Kazi za usiku zina mtego wa saa. Ratiba kwa kawaida husomwa kwa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu. Ukitaka saa nane usiku ya kuamkia Jumatatu, andika 23:00 ya Jumapili. Ukiandika Jumatatu, kazi itaanza usiku wa kuamkia Jumanne. Tena usichague dakika ya sifuri. Mwanzo wa kila saa ndipo ratiba za watu wengi hurundikana, na yako inaweza kucheleweshwa au hata kurukwa. Dakika ya 17 au 43 inatosha.

Wapo watakaoona afadhali kuunganisha kompyuta ya ofisini iwe ndiyo inayojenga. Ni wazo zuri kwa hazina ya faragha, na dakika za bure haziguswi. Kwa hazina ya wazi, inayoonekana na kila mtu, silipendekezi, kwa sababu mgeni anaweza kuleta msimbo wake ukaendeshwa ndani ya mashine yenu. Na kabla ya kuitegemea, hakikisheni ina betri ya akiba na inajiwasha yenyewe umeme unaporudi, kwani kazi inayoisubiri hukaa foleni saa 24 tu, kisha inahesabiwa kuwa imeshindwa.