Somo: Kurekebisha komiti za nyuma kwenye Git

Wakuu, nimechoka kulijibu hili inboksi: "nimekosea kwenye komiti (badiliko nililokwisha kulihifadhi kwenye Git, programu ya kutunza historia ya faili), nairekebishaje?" Naliandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrushia uzi huu.

1. Komiti ya mwisho, hujaipandisha kwenye seva: rekebisha, `git add`, `git commit --amend`. Imeisha.

2. Kosa liko nyuma zaidi: `git branch akiba` kwanza (tawi, yaani mstari wa kazi, la kurudia mambo yakiharibika), kisha `git rebase -i HEAD~4`, inayofungua orodha ya komiti nne za mwisho. Kwenye mstari wa komiti yenye kosa, badili `pick` iwe `reword` kama ni ujumbe tu, `edit` kama ni faili. Kwenye `edit` Git itasimama: fanya kama hatua ya 1, halafu `git rebase --continue`.

3. Kupandisha (`git push`). Hapa ndipo nilipoungua. Seva ilinikatalia, nami kwa hasira nikaweka `--force` (lazimisha) kwenye tawi la watu watatu. Kumbe mwenzangu alishapandisha kazi ya asubuhi nzima. Ikafutika kwenye seva. Ilituokoa nakala iliyobaki kwenye kompyuta yake. Ujue huihariri komiti ya zamani: unazaa mpya yenye namba nyingine, na zote zinazoifuata zinabadilika namba. Kwa hiyo tawi lako peke yako, tumia `--force-with-lease`, inayogoma ikikuta kitu usichokijua. ILA ukifanya `git fetch` (kuvuta habari mpya za seva) kabla yake bila kuangalia kilichokuja, kinga hiyo imekufa. Tawi la wote usiliguse. Tumia `git revert`, inayoongeza komiti mpya ya kutengua ile mbovu.

Maswali

— Mkuu imekataa, msaada wa haraka.
— Imekataa nini? Imeandika nini?
— Imeandika rejected.
— Hatua ya 3. Isome, usiiruke.

— Nilikomiti nywila ya hifadhidata, nime-amend. Niko salama?
— Kama ilishafika kwenye seva, hapana. Badilisha nywila sasa hivi, historia baadaye.

— Mbona kwenye orodha ya rebase komiti ya zamani iko juu, wakati `git log` inaanza na mpya?
— Umeangalia vizuri. Ile si historia, ni orodha ya kazi: Git inazirudia moja moja kutoka juu kwenda chini. Ndiyo maana ukihamisha mstari, mpangilio nao unahama.

— Sikuweka akiba, komiti mbili zimepotea.
— Pole. `git reflog` (daftari la hatua ulizopitia), tafuta mstari wa kabla ya rebase, kisha `git branch okoa` na namba yake. Usikawie: kwa kawaida zisizofikika tena hutunzwa siku 30.

— Mimi hata sijafika huko, nimenasa kwenye Vim, kihariri kilichofunguliwa na Git.
— Esc, `:q!`, Enter. Halafu `git config --global core.editor nano`, ulale usingizi.