Uzi wa Krismasi, kabla hujapanda basi
Mnaofuma vitambaa vya makochi ili sebule ipendeze Krismasi, someni karatasi ya bonge la uzi. Mbali na namba ya rangi, mara nyingi kuna namba ya mkupuo wa kutia rangi, yaani kundi la uzi uliotiwa rangi kwa pamoja. Mikupuo ikitofautiana, nyeupe mbili zinaweza kuumbuana mchana kweupe, hata kama dukani zilifanana. Nunueni wa kumalizia sasa. Wenye maduka Kampala nao hufunga wakaenda kijijini.

Safari ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ni ndefu, kwa hiyo beba kroshia (ufumaji wa sindano moja yenye ndoano), sweta unalofuma libaki kwenye begi. Kroshia ina kitanzi kimoja tu cha kulinda. Sweta lina safu nzima kwenye sindano, na barabara ina matuta (na jirani ana kiwiko). Vipande vidogo vya kuja kuunganishwa baadaye ndivyo vinavyofaa kwenye kiti cha basi.

Ukiitwa kumenya matoke, vuta kitanzi cha mwisho kiwe kirefu, kipitishie pini ya nepi, uifunge. Hata mtoto akiuvuta uzi, kazi haifumuki. Sweta lenyewe, maliza safu kwanza ndipo uinuke, na uandike namba ya safu.