SOMO: Kuosha udongo wa machimbo kwa ndoo ili kupata mbegu za kale

Kila kikundi kinachokwenda kuchimba Ntusi au Munsa, makazi ya kale hapa Uganda, kinaniuliza jambo lile lile: mbegu za kale hupatikanaje? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hili.

1. Kibali kwanza. Bila ruhusa ya idara ya makumbusho, Kampala, weka jembe chini.

2. Chota udongo wenye majivu: mekoni, mashimo ya taka, sakafu za nyumba. Lita 10 hadi 20 kwa kila tabaka. Andika ujazo, la sivyo hutaweza kulinganisha shimo na shimo.

3. Lebo mbili, moja nje na moja ndani ya mfuko, kwa penseli. Wino huyeyuka.

4. Mimina udongo kidogo kidogo kwenye ndoo ya maji, koroga taratibu kwa mkono, subiri sekunde chache, kisha pitisha maji ya juu kwenye kitambaa. Mbegu zilizoungua ni nyepesi, huelea. Rudia mpaka kisielee kitu. Matundu ya kitambaa yawe milimita 0.3 hivi, shifoni inafaa. Chandarua HAPANA: matundu yake yanazidi milimita 1, kwa hiyo ulezi mdogo na mbegu za magugu zitakwenda na maji. Kilichozama kipitishe kwenye wavu wa milimita 1, utapata vigae, mifupa na shanga.

5. Kukausha. Hapa ndipo kazi ya wiki nzima hupotea. Mkaa wa kale umejaa maji. Ukikaushwa ghafla hupasuka, na mbegu nzima inakuwa unga usiotambulika. Funga kitambaa kama kifurushi, kining'inize kivulini penye upepo mdogo, kikauke polepole hata kikichukua siku kadhaa. Usianike juani, wala juu ya bati. Usifungie kitu kibichi kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), kitaota ukungu, na ukungu ni kaboni mpya itakayovuruga kipimo cha umri. Kaa mbali na sigiri: cheche ya makaa ya leo ikiingia hutaijua tena. Mbali pia na ua ambako mama anaanika ulezi wake. Na kuku, jamani.

6. Tazama kwa hadubini, ukuzaji wa mara 10 hadi 40, ukilinganisha na mbegu za leo ulizounguza mwenyewe.

MASWALI

Fundi64: Nina chandarua kipya, naweza kukitumia?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Fundi64: Lakini hakijatoboka.

Mwandishi: Kimetobolewa kiwandani, ssebo. Soma.

Dada wa Hoima: Tumepata mbegu nyingi za rangi ya kahawia, hazijaungua. Ni za kale?

Mwandishi: Kwenye udongo wa kawaida usio kinamasi, karibu hakika ni za juzi. Mchwa, panya na mizizi huzishusha. Zihesabu kando, zitakuonyesha tabaka limevurugwa kiasi gani.

Mtoto wa Kasese: Mbona hamtaji matooke? Wazee wetu hawakula?

Mwandishi: Swali zuri sana. Ndizi tunayolima haina mbegu ya kuungua, kwa hiyo ndoo haiwezi kukusaidia. Hutafutwa kwa visiga vya silika, chembe ndogo mno zinazobaki jani likioza. Pale Munsa, visiga kutoka kinamasini vilidaiwa kuwa na zaidi ya miaka 5,000. Wengine wanapinga: je, tope lile lilijipanga kwa mfululizo? Na je, ni ndizi, au ensete, ndugu yake wa Afrika? Mimi niko upande wa wenye shaka. Ila chukua kijiko cha udongo kutoka kila tabaka KABLA ya kuosha, ukihifadhi.

Fundi64: Kupima umri, nitume mkaa mkubwa?

Mwandishi: Hapana, tuma mbegu. Mti unaweza kuwa uliishi karne kadhaa kabla ya kuwa kuni. Mbegu ni ya msimu mmoja. Kakapel, ng'ambo ya mpaka huko Kenya, walipima kunde yenyewe wakapata miaka 2,300 hivi.

Fundi64: Asante. Hilo sikulijua.

MwanaTeso: Mbegu za kulinganisha unaziunguzaje?

Mwandishi: Zika ulezi kwenye mchanga ndani ya kopo, funika, weka juu ya sigiri yenye moto mdogo. Chungulia kila baada ya muda, uhifadhi zilizokuwa nyeusi bila kuvimba na zilizovimba pia. Za kale utakutana nazo za aina zote mbili.

MwanaTeso: Na ulezi wa malwa, ile pombe yetu?

Mwandishi: Huo huoteshwa kwanza. Ukikuta mbegu nyingi zilizoungua zikiwa zimeanza kuota, fikiria kimea. Ila ghala linalovuja nalo huotesha nafaka, kwa hiyo angalia kama zimeota kwa kiwango kimoja.