Namna ya Kumfikishia Mpira Senta Mrefu Katika Mechi za Vyuo Vikuu

Timu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu iliyojaliwa senta (mchezaji wa karibu na kikapu) mrefu na mwenye nguvu, iwe ni ya Maseno, ya Masinde Muliro kule Kakamega au ya Egerton pale Njoro, haikosi mashabiki wa kupiga kelele kando ya uwanja kwamba senta apewe mpira. Lawama huwaangukia wachezaji wa nje, ambao huitwa wachoyo. Kwa maoni yangu, uchoyo ni nadra. Tatizo kubwa ni pembe: anayetoa pasi amesimama mahali ambapo hata pasi safi haiwezi kupita, na senta naye anaungoja mpira huku mlinzi wake akizunguka apendavyo.

Kazi huanza kwa senta mwenyewe. Timu yake inaponyakua mpira, akimbie moja kwa moja hadi mbele ya kikapu, kwa kuwa wakati huo mlinzi wake bado anarudi kinyumenyume na hajajipanga. Wenzake wakichelewa kumwona, asogee kando ya eneo la sekunde tatu, lile lililochorwa mbele ya kikapu ambamo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, na aweke miguu yote miwili nje ya mstari, maana katika kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mistari ya pembeni ya eneo hilo ni sehemu ya eneo lenyewe, na unyayo unaougusa mstari huhesabiwa kuwa umo ndani. Apanue miguu kupita upana wa mabega, akunje magoti, amkalie mlinzi mapajani, kisha amwonyeshe mwenzake kiganja cha mkono ulio mbali na mlinzi. Pasi ilengwe kwenye kiganja hicho. Senta anayesimama wima huupoteza urefu wake bure, kwa sababu mlinzi mfupi aliyeinama humsukuma kiunoni kidogo kidogo, hata mpira unapofika yuko mbali na kikapu na hana budi kuanza kudunda.

Anayetoa pasi naye asijaribu kuupenyeza mpira kutoka mbali, katikati ya uwanja. Adunde hatua mbili tatu kuelekea kona, ashuke chini ya usawa wa mstari wa mitupo huru, mpaka yeye, senta na kikapu wakaribie kuwa katika mstari mmoja. Hapo mlinzi aliyekuwa akiuchungulia mpira kutoka ubavuni hulazimika kuchagua kukaa mbele ya senta au nyuma yake, na akikaa nyuma, njia imefunguka. Anayebaki ni mlinzi wa mtoa pasi mwenyewe, na huyu husomwa mikononi: mikono ikiwa juu, mpira udundishwe chini na uguse sakafu katika theluthi mbili ya safari yake, mikono ikiwa chini, upite karibu na sikio lake. Asiyeonyesha dalili ya uwazi alaghaiwe kwanza kwa pasi ya uongo ya juu, lakini kwa haraka, kwa sababu mwenye kuushika mpira huku akibanwa ana sekunde tano tu. Katika viwanja vya simenti visivyo na paa, hasa Kakamega ambako mvua ya alasiri ni ya kawaida, mpira unaodundishwa huteleza, na pasi ya juu huwa salama zaidi.

Mlinzi akiamua kukaa mbele ya senta, timu nyingi hukata tamaa na kuanza kutupa kutoka mbali, ilhali hiyo ndiyo nafasi bora kuliko zote. Mlinzi huyo amekipa kikapu kisogo. Mpira urudishwe haraka kwa mwenzao aliye karibu na mstari wa mitupo huru, na senta, bila kuhama, amgande mlinzi kwa nyonga ili amzuie kurudi. Kwa kuwa mpira sasa uko katikati, mlinzi amebaki upande usiofaa, na pasi fupi ya juu humkuta senta chini ya kikapu. Njia ya pili ni kumrushia senta mpira wa juu moja kwa moja, ukilengwa kwenye kona ya ubao, lakini upande wa pili uwe umehamwa kwanza. Mchezaji mmoja akizubaa pale, mlinzi wake ataudaka.

Pasi ikishafika, mtoa pasi asisimame kuitazama, kwa sababu mlinzi wake ndiye wa kwanza kukimbilia kumbana senta. Ahame mahali, akate kuelekea kikapuni au ateleze hadi kona, ili senta amwone. Hata hivyo, wapinzani wanaweza kukataa kumbana senta wawili wawili. Katika fainali ya NCAA, mashindano ya vyuo vikuu vya Marekani, ya mwaka 2024, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) walimwachia Zach Edey wa Purdue, mwenye urefu wa mita 2.24, mlinzi mmoja mara nyingi, wakawaganda wapigaji wa nje. Edey alipata alama 37, lakini Purdue walirusha mitupo saba tu ya alama tatu, wakafunga mmoja, wakashindwa 75 kwa 60. Kocha anayeona ulinzi wa namna hiyo awaamuru wa nje wakate na kuwekeana skrini, yaani kumzibia njia mlinzi wa mwenzao, wakati senta ana mpira, maana wakisimama tu, mlinzi wa kila mmoja hupata kazi nyepesi.

Mazoezini, weka wachezaji sita, watatu kwa watatu: mmoja pembeni, mmoja kwenye mstari wa mitupo huru na senta, kila mmoja na mlinzi wake. Kataza mtupo wowote kabla senta hajaugusa mpira, na uhesabu sekunde kumi kwa sauti. Katika mechi kila shambulizi lina sekunde 24, ila nane za kwanza zinaweza kuishia katika kuvuka nusu ya uwanja, na senta anahitaji nyingine za kugeuka au kurudisha mpira nje. Mlinzi wa senta abadilishe nafasi kila zamu, mara nyuma, mara ubavuni, mara mbele, bila kuwatangazia washambuliaji.